Mikopo ya maafa kwa biashara ndogo (Marekani)

Mikopo ya maafa kwa biashara ndogo ni mikopo ya muda mrefu na ya riba nafuu ambayo serikali ya Marekani hutoa kupitia Idara ya Biashara Ndogo (SBA) baada ya kimbunga, mafuriko, moto wa msituni au tetemeko la ardhi. Licha ya jina la idara hiyo, wenye nyumba na wapangaji nao hukopeshwa, na kwa kawaida wenye nyumba ndio wanaochukua fungu kubwa zaidi.

Asili

Kazi ya kukopesha baada ya maafa ilianzia katika RFC, shirika la fedha la serikali lililoundwa mwaka 1932 wakati wa Mdororo Mkuu. SBA, iliyorithi kazi hiyo, iliundwa tarehe 30 Julai 1953, chini ya Rais Dwight Eisenhower.

Aina na masharti

Mkopo wa uharibifu wa mali hukarabati jengo na kurudisha mashine na bidhaa zilizopotea. Hata kampuni kubwa huweza kuuomba. Mkopo wa hasara ya kiuchumi ni wa wadogo: hulipa mishahara, pango na madeni yaliyoiva pale wateja walipokatika, hata kama duka lenyewe halikuguswa na maji. Kikomo cha kawaida kwa biashara ni dola milioni 2. Asiyeweza kukopeshwa kwingine hutozwa riba isiyozidi asilimia 4, na muda wa kulipa hufika miaka 30. Wakulima huelekezwa Wizara ya Kilimo.

Fidia ya bima hutolewa kwanza kwenye hesabu. Mwenye mkahawa aliyepoteza majiko na majokofu ya dola 100,000, akalipwa 60,000 na bima, hukopeshwa 40,000 zilizobaki. Mwombaji huorodhesha madeni yake yote na kuidhinisha kumbukumbu zake za kodi zifunguliwe. Mkopo ukiwa mkubwa hudaiwa dhamana, na mara nyingi dhamana hiyo ni nyumba anayoishi na watoto wake. Kwa kuwa huu ni mkopo na si ruzuku, uwezo wa kulipa hupimwa. Hivyo aliyekuwa akichechemea kabla ya maafa ndiye hukataliwa mapema, ingawa ndiye mhitaji zaidi.

Kimbunga Katrina

Agosti 2005 Katrina ilizamisha sehemu kubwa ya New Orleans. Maombi yaliielemea SBA: lengo lilikuwa kujibu ndani ya siku 21, lakini wastani ulifikia takriban siku 74. Kwa duka lisilo na mauzo, kuchelewa huko kulikuwa pigo la pili.

Janga la korona

Kuanzia mwaka 2020 mkopo wa hasara ya kiuchumi ulifunguliwa nchi nzima, kwa riba ya asilimia 3.75 kwa biashara. Kikomo kilishushwa hadi dola 150,000, kikapandishwa hadi 500,000 na baadaye milioni 2 mwaka 2021. Mikopo ilikaribia milioni 4, kiasi kisichowahi kuonekana katika mpango huu. Ukaguzi ulilegezwa ili fedha zitoke haraka, na wezi wakapenya: mwaka 2023 mkaguzi mkuu wa SBA alikadiria kuwa zaidi ya dola bilioni 136 huenda zilitolewa kwa udanganyifu.

Vimbunga vya 2024

Oktoba 2024, baada ya vimbunga Helene na Milton, fedha za mikopo zilikwisha. Waombaji walisubiri hadi Desemba, Bunge lilipoidhinisha nyongeza.