Mizani ya Manukuu

Mwaka 1926 Alfred Lotka alibainisha kwamba wataalamu wachache huandika sehemu kubwa ya makala za sayansi. Mwaka 1934 Samuel Bradford alionesha kwamba makala za somo moja hurundikana katika majarida machache. Kwa kuyategemea majarida teule ya namna hiyo, Eugene Garfield wa Philadelphia alizindua faharasa ya manukuu mwaka 1964. Ilikusudiwa kutafutia maarifa. Baadaye ikageuzwa mizani ya kuwapimia wanazuoni. Hapo ndipo penye kasoro. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya mwaka 1981 ikirejelewa katika jarida lisiloorodheshwa, rejeleo hilo halihesabiwi. Sifuri ya namna hiyo hudhihirisha ufinyu wa orodha, wala si wepesi wa taaluma.