Moshi wa Uchochoroni

Mwalimu mmoja aliyesoma mswada wangu wa riwaya aliniambia, "Kijana, chakula si historia." Nilinyamaza, lakini iliniuma. Sasa ndugu msomaji, hebu uamue wewe.

Shuleni, mpaka namaliza kidato cha nne, Japani ilikuwa Meiji, viwanda, vita na bomu, basi. Nilipojisomea mwenyewe ndipo nikakutana na yakitori: vipande vya kuku vilivyotungwa kwenye vijiti na kuchomwa juu ya mkaa. Mishikaki tu hiyo, utasema. Ngoja kwanza.

Mwaka 675 Mfalme Tenmu alikataza kula ng'ombe, farasi, mbwa, kima na kuku katika miezi ya kilimo. Kwa karne nyingi nyama ikawa kitu cha kulia pembeni, hadi mwaka 1872 ilipotangazwa kwamba Mfalme Meiji mwenyewe anakula ng'ombe. Haya, ruksa! Lakini kuku alikuwa ghali. Wenye pesa walimla kwenye mikahawa yao. Masalio yake, yaani ngozi, firigisi, moyo na utumbo, yakachukuliwa na wenye vibanda. Wakayatunga vijitini, wakayapaka mchuzi mtamu wa soya kuua harufu, wakawauzia makabwela.

Vita ilipokwisha mwaka 1945, Tokyo ilikuwa majivu. Karibu na stesheni ya Shinjuku likazuka soko la magendo. Chakula kilikuwa cha mgao, ila matumbo ya ng'ombe na nguruwe hayakubanwa na mgao huo, basi watu wakachoma hayo hayo. Bibi yangu, aliyepanga foleni ya sukari miaka ya 1980, angewaelewa bila mkalimani. Uchochoro ule, Omoide Yokocho, uliungua sehemu yake mwaka 1999, lakini upo mpaka leo, na moshi wake. Kuku wa kisasa walipoenea miaka ya 1960, bei ikashuka, na kabwela naye akala mnofu.

Katika riwaya yangu yumo mwanamke anayepepea mkaa Shinjuku mwaka 1946. Majina ya wafalme nimeyapata bila taabu. La mwanamke kama huyo, hakuna kitabu kilichonipa. Nimembandika moja, nikalifuta, nikambandika jingine. Jana usiku nimelifuta tena.