Fangasi Aliyedhaniwa Ndugu wa Malale

Watu wa kijiji cha Daudi na Mbulu nzima wanamjua ndorobo. Enzi za Waingereza, Wairaqw waliohama Kainam kutafuta mashamba walifyeka kwanza vichaka vya mdudu huyo, mwenezaji wa malale. Kumbe malale yameingia pia katika historia ya fangasi wa mapafuni.

Mwaka 1909 Carlos Chagas, daktari wa Brazili, aliona vijifuko kwenye mapafu ya wanyama wa maabara, akadhani ni kimelea wa jamii ya malale. Mwaka 1912 Delanoë na mkewe, jijini Paris, wakaonyesha ni kiumbe kingine, Pneumocystis, ila kikaendelea kuhesabiwa protozoa. Juni 1981 vijana watano wa Los Angeles wakaripotiwa kuugua nimonia yake. Marekani, pentamidini, dawa ya malale iliyodungwa watu wengi mno Kongo ya Wabelgiji na iliyotibu pia nimonia hiyo, ilitolewa na ofisi moja ya serikali, na maombi yake yalipozidi ofisi hiyo ikashtuka. Ndivyo UKIMWI ulivyoanza kuonekana.

Mwaka 1988 RNA ya ribosomu ya Pneumocystis ikasomwa: ni fangasi. Mwaka uliofuata ikaonekana jeni ya RNA hiyo ina introni, kipande kisichohitajika katika ribosomu. Mtafiti Thomas Cech wa Colorado alikuwa ameeleza kipande cha namna hiyo mwaka 1982: hakuna protini inayokikata. Guanosini hujishika mwanzoni mwa introni, uzi ukakatika hapo, kisha ncha iliyoachwa huru ikashambulia upande wa pili, na pande mbili za RNA zikaungana. Cech alipata Nobel mwaka 1989, na kwangu ilistahili kuja mapema zaidi.

Introni hizi zimetapakaa ovyo kwenye fangasi na mwani: spishi moja inazo, ndugu yake hana. Baadhi hubeba jeni ya kimeng'enya kinachokata DNA ili introni ijipachike. Kwa hiyo urithi wa mzazi kwa mtoto hautoshi kueleza mtawanyiko huo. Zimeruka na kupotea mara nyingi.

Jeni za ribosomu za binadamu hazina introni hizo, na maabarani pentamidini huzizuia zisijikate. Hata hivyo kwenye kliniki za VVU (CTC) za Tanzania mgonjwa aliyedhoofu hupewa Septrini, iliyopendekezwa Afrika na WHO na UNAIDS mwaka 2000. Vidonge hivyo haviigusi introni. Vinamnyima fangasi foleti.