Ardhi Yetu, Tangu Ndiva Hadi Bomba la Maji

Ndugu wana Same, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Kila mwaka tunafungua kijarida hiki kwa habari ya zamani ya kwetu. Safari hii tumechagua bei ya ardhi, kwa kuwa katika mikutano yetu ya karibuni hakuna neno lililozua ubishi kama neno "kiwanja".

Babu zetu wengi hawakukaa tambarare. Walikaa juu, Chome, Vudee, Suji, Gonja, Mamba, penye mvua na migomba. Shamba la thamani lilikuwa lile lililofikiwa na mfereji wa ndiva, yaani bwawa dogo linalokusanya maji ya kijito usiku ili asubuhi yafunguliwe kwa zamu. Zamu hiyo haikununuliwa. Uliipata kwa kutoka na jembe siku ya msaragambo, mfereji ulipozibuliwa. Hiyo ndiyo miundombinu yetu ya kwanza, na tayari ilikuwa inatofautisha shamba na shamba. Huko chini kulikuwa joto na malaria. Watu waliteremka kuchunga au kulima kwa msimu, kisha wakapanda kurudi. Nani angeuliza bei?

Ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, wakafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, kilomita 352. Ilipita chini ya milima yetu: Mkomazi, Hedaru, Makanya, Same, Lembeni. Ghafla pori likawa na stesheni. Lakini tangu mwaka 1895 amri ya Wajerumani ilikuwa imetangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola yao, na tambarare isiyo na nyumba ilikuwa rahisi sana kuiita haina mwenyewe. Kwa hiyo reli ilipoipandisha thamani, faida haikwenda kwa Mpare aliyekuwa akichunga pale. Ilikwenda kwa wenye mashamba ya mkonge. Waingereza nao wakaweka makao ya wilaya Same, ndiyo maana mwaka 1945 wazee wetu wa Mbiru, walipokataa kodi, waliteremka kwa maelfu mpaka hapo. Mji ulikuwa umeshakuwa mahali pa kwenda kudai haki.

Baada ya Uhuru mambo yaligeuka. Mwalimu Nyerere alikuwa ameandika mwaka 1958, katika "Mali ya Taifa", akipinga ardhi kufanywa bidhaa, na mwaka 1963 umiliki wa kudumu ulifutwa. Kilichohesabiwa kikawa maendelezo: nyumba, mwembe, migomba. Ardhi tupu kisheria haikuwa na bei. Hilo lilibadilika kwa Sera ya Ardhi ya 1995, kisha kwa Sheria Na. 4 na Na. 5 za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Sheria sasa inasema ardhi yenyewe ina thamani. Tatizo ni kwamba wazee wetu wengi hawakuambiwa. Mpaka leo wapo wanaouza shamba kwa kuhesabu miti.

Tuje kwenye maji. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa miaka ya 1960. Lilitoa umeme na samaki, na jirani zake tukabaki tunanunua maji kwa dumu kutoka kwenye mkokoteni, kwa nusu karne. Mtu akitafuta kiwanja Same, swali lake la kwanza halikuwa barabara, lilikuwa maji. Mradi wa Same–Mwanga–Korogwe ulianza mwaka 2014, ukasuasua miaka mingi, na Rais Samia aliuzindua tarehe 9 Machi 2025.

Tulichokiona katika miaka hiyo ndicho kinachotuuma. Bei haikungoja maji yatoke bombani. Ilipanda kwa ngazi: uvumi, vigingi vya wapimaji, mitaro, mabomba yaliyolazwa kando ya njia. Aliyejua maana ya kila ngazi alinunua mapema. Aliyekuwa na shida ya ada ya shule au ya matibabu aliuza mapema. Mama mmoja mjane aliuza nusu ya eneo lake kwa karatasi ya mkono yenye mashahidi wawili, na alipoona mitaro inachimbwa alirudi kumwuliza mnunuzi kama kuna nyongeza. Haikuwapo, na kisheria hakudaiwa kitu. Tuseme ukweli hapa, hata kama utawakera baadhi yetu: wanunuzi wengi hawakuwa wageni. Walikuwa sisi, wa Dar, Arusha na Moshi, tukinunua kwa shangazi zetu.

Barabara nayo ina upande wake mchungu. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Aliyejenga duka karibu na lami kwa kufuata wateja anaweza kuamkia alama ya X ukutani. Wenzetu walio kwenye njia ya Same–Kisiwani–Mkomazi wapime kwanza, hata kwa kamba, kabla ya kumwaga zege.

Na milimani? Vijana wanashuka, migomba inabaki na bibi. Sehemu kama Mamba Miamba, penye tangawizi, bei ya shamba hutegemea kama lori litafika wakati wa mvua. Ndiva kadhaa zimejaa tope.

Ndiyo maana mwaka huu michango yenu tunaiomba kwa mambo mawili tu. La kwanza ni upimaji: kuwasaidia wajane na wazee wasio na uwezo wapate hati au hatimiliki ya kimila kabla mnunuzi hajabisha hodi. La pili ni kuzibua ndiva, saruji kwa fedha zenu na mikono kwa msaragambo. Orodha ya wazee walioomba kupimiwa itasomwa kwenye mkutano wa Desemba, mtakapokuwa mmekuja nyumbani kwa sikukuu. Mwenye shangazi au mjomba aliye kwenye orodha hiyo tunamwomba akae mstari wa mbele.