Kutoka Dirisha la Jinja: Saratani, Jeni na Viputo

Anayetoka Wanyange kwenda mjini Jinja huenda asijue kwamba hospitali ya mji huo ina nafasi yake katika historia ya saratani duniani. Mwaka 1957 Dkt. Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, alionyeshwa na mwenzake Hugh Trowell mtoto aliyevimba mataya pande zote nne. Wiki chache baadaye, akiwa ziarani Jinja, alitupa macho nje ya dirisha akamwona mtoto mwingine, uso umevimba vilevile. Mtoto mmoja ni ajabu. Wawili, kwa mpasuaji makini, ni ugonjwa unaotafuta jina. Makala yake ya kwanza ilitoka 1958, na leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake.

Kisu hakikufaa. Dawa kama methotreksati ndizo zilizoyeyusha uvimbe, na mwaka 1967 Mulago ikapata kituo kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mwaka 1982 ikajulikana kwamba katika ugonjwa huu jeni iitwayo MYC huwa imehama kutoka kromosomu ya 8, mara nyingi kwenda ya 14. Chanzo kimo ndani ya seli, ilhali dawa ya sindano huzunguka mwili mzima, ikidhuru hata nywele na uboho.

Je, jeni ya kutibu inaweza kupelekwa penye uvimbe tu? Njia mojawapo ilianzia kwenye picha za ultrasaundi. Mwaka 1968 Gramiak na Shah, nchini Marekani, walieleza jinsi viputo vya hewa ndani ya damu vinavyong'aa katika picha hizo. Viputo vya sasa ni gesi iliyofungwa katika ganda la mafuta au protini, vidogo kiasi cha kupita katika mishipa myembamba kabisa. Hubebeshwa jeni, hudungwa katika damu, kisha mawimbi ya sauti huelekezwa penye uvimbe. Hapo viputo hupasuka, utando wa seli hutoboka kwa muda, jeni ikaingia. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliifikisha jeni katika moyo wa panya kwa njia hii. Kwa saratani, kazi nyingi bado ni ya wanyama wa maabara, na jeni zinazofika ni chache. Kwa mtoto wa Jinja, tuseme kweli, kuwahi hospitali kunafaa zaidi kwa sasa.

Kwetu walimu kuna kazi ya maneno. "Saratani" tuliipata kwa Kiarabu, maana yake kaa, sawa na neno la Kilatini; kaa wetu wa pwani hakuambulia kitu. Wengine husema "mapovu". Sisi tunapendelea "viputo", yaani maputo madogo: povu ni la sabuni au la mdomoni, na mama Msoga anayeombwa ridhaa katika lugha isiyo yake, akiambiwa mwanawe atadungwa povu, ana haki ya kumbeba akaondoka.