Mafuta ya Robo Chupa: Mnunuzi Mdogo katika Historia ya Pwani Yetu

Wanahistoria wa pwani ya Afrika Mashariki wameandika mengi juu ya bidhaa zilizouzwa kwa wingi: pembe za ndovu zilizopimwa kwa frasila, karafuu zilizojazwa magunia, na merekani iliyofungwa majora. Kazi hiyo ni njema, na tungali tunaihitaji. Lakini iko biashara nyingine ambayo haikupata nafasi katika madaftari ya forodha, nayo ni ya mtu aliyekwenda dukani jua likichwa, chupa mkononi, akanunua mafuta ya taa ya kumtosha usiku mmoja. Biashara hiyo ilifanywa kila siku, katika kila mtaa, kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja. Kwa kuwa ilikuwa ndogo kwa kila mtu, imedhaniwa kuwa ndogo kwa wote.

Madhumuni ya makala haya ni kuifuata biashara hiyo tangu mwanzo wake, na kuuliza swali moja: kwa nini mwenye fedha chache hununua kidogo kidogo, hali anajua kwamba kwa kufanya hivyo hulipa zaidi? Wenye akiba hulijibu swali hili upesi. Husema kwamba maskini hajui hesabu, au hana subira. Tutajaribu kuonyesha kwamba anayo hesabu, tena iliyo sahihi, ila imeanzia mahali pengine.

Yafaa tuanze na zama za kabla ya mafuta ya taa. Watu wa pwani waliwasha taa kwa mafuta ya nazi na ya ufuta, utambi ukilazwa katika kitaa cha udongo. Walipika kwa kuni za mikoko, kwa makuti makavu, kwa makumbi na vifuu. Mwenye minazi michache alikuwa na mwanga na moto katika shamba lake mwenyewe. Ikiwa alikuwa na dhiki, dhiki yake ilikuwa ya kazi na wakati, maana kukuna nazi na kukamua mafuta si jambo jepesi. Lakini haikuwa dhiki ya fedha. Mtu wa mjini asiye na shamba ndiye aliyelazimika kununua, na kwake mambo yalianza mapema kuwa kama yalivyo leo.

Mafuta ya taa yalitoka mbali. Abraham Gesner, mtu wa Kanada, aliyaonyesha hadharani mwaka 1846, na kisima cha Edwin Drake kilichochimbwa Pennsylvania mwaka 1859 kikafungua njia ya kuyapata kwa wingi. Wafanyabiashara wa Marekani walikuwa wamekwisha kuijua Unguja tangu mkataba wa mwaka 1833; wao ndio walioleta nguo ambayo hata leo tunaiita kwa jina la nchi yao. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 mafuta yakaongezwa katika shehena zao. Yalisafirishwa katika masanduku ya mbao, kila sanduku likiwa na makopo mawili makubwa ya bati, na kila kopo likiwa na galoni 5 za Kimarekani, yaani karibu lita 19, au galoni 4 na kidogo za Kiingereza. Kopo hilo ndilo debe letu. Neno lenyewe lilitoka Bara Hindi, lakini umbo na ujazo vilitoka katika biashara ya mafuta.

Hapa pana kisa kimoja kinachofaa kukumbukwa. Mwaka 1892 mfanyabiashara wa London aitwaye Marcus Samuel alipitisha meli yake Murex katika mfereji wa Suez, ikichukua mafuta ndani ya matangi yake badala ya masanduku. Mafuta yaliyochukuliwa hivyo yaliweza kuuzwa kwa bei nafuu, na ilitazamiwa kwamba wanunuzi wa Asia wangekuja na vyombo vyao wenyewe. Wanunuzi hawakufanya hivyo. Wao walikuwa wakinunua mafuta na debe pamoja, maana debe lilikuwa na kazi nyingi nyumbani baada ya mafuta kwisha. Ikambidi Samuel apeleke bati na kutengeneza madebe huko huko, akayapaka rangi nyekundu ili yatofautiane na yale ya samawati ya washindani wake wa Marekani. Basi hesabu ya mnunuzi mdogo, ambayo tajiri wa London hakuiona, ilimlazimisha kubadili shauri.

Mambo yalikuwa vivyo hivyo kwetu. Debe likawa chombo cha kuteka maji na kipimo cha mahindi, mtama na chumvi. Likikatwa na kunyoshwa likawa ukuta au paa. Fundi bati akalichukua akalitengeneza koroboi, ambayo wengine huiita kibatari. Na hivyo kikopo kilichofanywa kwa bati la mafuta kikawa kinachoma mafuta yale yale. Hata lugha ililipokea. Methali isemayo kwamba debe tupu haliachi kuvuma haiwezi kuwa na umri zaidi ya debe lenyewe, isipokuwa kama debe limechukua mahali pa chombo kingine cha zamani. Kwa upande mwingine, haba na haba hujaza kibaba ni usemi wa kipimo cha zamani, ambacho robo yake haikupata kuwa ya mafuta ya taa. Methali hizi mbili zikiwekwa pamoja huonyesha mabadiliko ya soko lenyewe: kutoka kibaba na pishi hadi debe na chupa.

Lakini debe zima si mali ya mtu maskini. Mwenye duka ndiye aliyelinunua, akalitoboa, akayauza mafuta kwa chupa, kwa nusu chupa, na kwa robo. Ili biashara hiyo iwezekane, ilihitajiwa sarafu ndogo. Katika karne ya 19 fedha kubwa ya Unguja ilikuwa reale, iliyokuwa na thamani ya zaidi ya rupia mbili, na rupia moja ilihesabiwa kuwa pesa 64. Mwaka 1882 Seyyid Barghash alitoa pesa zake za shaba, na juu yake akachora mizani. Hatuwezi kusema kwamba alimkusudia mnunuzi wa mafuta. Lakini ni dhahiri kwamba sarafu ile ilikuwa ya soko la vitu vidogo, si ya pembe za ndovu. Wajerumani nao, katika sehemu yao, wakaigawa rupia kwa heller 100 mwaka 1904. Shilingi ya Afrika Mashariki ikafuata mwaka 1921, pamoja na senti zake zenye tundu katikati, na Unguja ikaipokea mwaka 1936. Kila mara fedha ilipogawanyika vipande vidogo zaidi, na chupa iliweza kugawanyika.

Sarafu peke yake haielezi kila kitu. Lazima tutazame pia jinsi mtu alivyolipwa. Utumwa uliondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Baada ya hapo kazi za bandarini na za mjini zilifanywa kwa sehemu kubwa na vibarua, watu walioajiriwa leo na pengine wasiajiriwe kesho. Neno kibarua lenyewe ni barua ndogo, kikaratasi cha siku. Mtu ambaye mapato yake ni ya siku hawezi kuwa na matumizi ya mwezi. Akipata kazi jumatatu hununua unga, mchuzi na mafuta ya jumatatu. Jumanne akikosa, hukaa gizani mapema. Vibarua na wafanya kazi wengine walipogoma Mombasa na Dar es Salaam mwaka 1947, na Unguja mwaka 1948, kilio chao kikubwa kilikuwa ughali wa maisha. Tukiyasoma maneno hayo katika vitabu, tusiyachukue kuwa ni maneno ya jumla tu. Ughali wa maisha ulikuwa na sura yake dukani kila jioni, nayo ni senti zilizobaki mkononi baada ya unga kununuliwa.

Sasa tulirudie swali letu, na tuchukue mfano wa hesabu usio wa mwaka wala mji wowote. Tuseme lita moja ya mafuta huuzwa shilingi 10, na robo lita shilingi 3. Anayenunua robo mara nne amelipa shilingi 12, na hasara yake ni shilingi 2. Hesabu hiyo ni sahihi kwa mwenye shilingi 10 za kuweka. Lakini tuseme kibarua amepata shilingi 8, na chakula cha watoto ni shilingi 5. Shilingi 3 zilizosalia hazinunui lita. Kwake yeye uchaguzi si kati ya lita rahisi na robo ghali. Ni kati ya robo na giza. Ikiwa siku moja atapata shilingi 15 akanunua lita nzima, fedha yake imekwisha kufungwa ndani ya chupa, na mtoto akiugua usiku hawezi kumpeleka kwa mganga kwa mafuta. Jirani naye akija kuomba kidogo, ni vigumu kumnyima hali chupa imejaa. Kwa hiyo zile shilingi 2 si upotevu mtupu. Ni bei anayolipa ili fedha yake ibaki kuwa fedha.

Yafaa tumtendee haki na mwenye duka. Aliyeuza robo alipoteza matone katika kila mmimino, alisimama mara nne badala ya mara moja, na mara nyingi alikopesha. Daftari lake la madeni lilikuwa benki pekee ya mtaa. Ni kweli kwamba wako waliopunja, kwa kipimo kilichobonyezwa au kwa kumimina kwa haraka, na ndiyo sababu serikali zikaweka wakaguzi wa vipimo. Lakini robo ingekuwa ghali kuliko lita hata kama wenye duka wote wangekuwa waaminifu. Chanzo chake hakikuwa tabia ya muuzaji, bali ni ule uhaba wa fedha ya kutangulia, ambao huufanya umaskini wenyewe kuwa na gharama.

Tangu katikati ya karne ya 20 mafuta ya taa yalizidi kuingia jikoni, katika majiko ya pampu na baadaye ya tambi, kama lile liitwalo jiko la mchina. Mkaa nao uliuzwa kwa gunia, kwa debe na kwa kopo, na desturi hiyo ingali ikiendelea. Kisha ikaja misukosuko ya dunia. Kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974 bei ya pipa la mafuta ghafi ilipanda kutoka karibu dola 3 hadi karibu dola 12, na mwaka 1979 mapinduzi ya Irani yakafuatwa na upandaji mwingine. Serikali nyingi ziliona kwamba mwanga wa maskini yafaa ulindwe, zikatoza mafuta ya taa ushuru mdogo kuliko dizeli.

Nia ilikuwa njema, lakini ilizaa jambo lisilokusudiwa. Palipokuwa na tofauti kubwa ya bei, wafanyabiashara wasio waaminifu walichanganya mafuta ya taa na dizeli, wakaharibu injini za watu na kupunguza mapato ya serikali. Lugha ikapata neno jipya, kuchakachua. Mwaka 2011 Tanzania ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa ili kuiondoa tofauti hiyo, na mwaka 2018 Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita kwa sababu hiyo hiyo. Hatukatai kwamba uovu ulihitaji dawa. Lakini tukitazama ni nani aliyeinywa dawa, twaona kwamba mwenye lori la kuchakachua alipoteza faida ya haramu, ilhali mwenye chupa alipoteza mwanga wa halali. Yeye hakuchanganya chochote, wala robo yake isingeweza kuendesha lori lolote.

Siku hizi koroboi inatoweka katika nyumba nyingi, na taa za jua zimechukua mahali pake. Hata hivyo ununuzi mdogo haukutoweka. Umebadili vazi tu. Umeme wa Tanzania hununuliwa kabla ya kutumiwa, kwa mpango uitwao LUKU, ambao jina lake ni kifupi cha maneno yasemayo lipa umeme kadri unavyotumia. Mwenye shilingi chache hununua uniti chache, kama baba yake alivyonunua robo. Katika gesi mambo ni magumu zaidi, kwa sababu mtungi, kama debe, hutaka fedha nyingi kwa mara moja. Ndiyo maana wako waliokwisha kuanza kuuza gesi kwa kipimo, mtungi ukiwa umefungwa mita. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa miaka kumi wenye shabaha ya kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi katika nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034.

Kufaulu au kutofaulu kwa mkakati kama huo hakutategemea bei ya kilo ya gesi peke yake. Kopo la mkaa laweza kuwa ghali zaidi kwa hesabu ya mwezi, na bado likashinda, maana lapatikana kwa fedha iliyomo mfukoni jioni ya leo. Mwenye kupanga ambaye hajui hilo atawalaumu watu kwa kutopenda mambo mapya, kama ambavyo matangi ya mwaka 1892 yangaliweza kuwalaumu wapenda madebe. Kwa wanafunzi wa historia kazi iliyobaki ni kubwa. Bei za jumla tunazo katika kumbukumbu za forodha. Bei za robo zimo katika madaftari ya maduka yaliyofungwa na katika vinywa vya wazee waliotumwa dukani utotoni. Madaftari hayo yanaliwa na mchwa, na wazee hao wanapungua kila mwaka. Yafaa tuwaendee sasa.