Tanganyika: ziwa, nchi, jimbo au wilaya?

Ukiulizwa ulikozaliwa ukajibu "Tanganyika" tu, anayekuandikisha bado hajajua utokako. Jina hili lina wenyewe wengi.

Ziwa ndilo la kwanza. Lina urefu wa takriban kilomita 670 na linagusa Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Richard Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, alieleza kuwa jina linatokana na neno la kuungana, yaani mahali maji yanapokutana. Ukijua Kiswahili utalisikia karibu na "changanyika". Henry Morton Stanley alipewa maana nyingine: ziwa kubwa lililotandaa kama uwanda. Wengine husema ni "tanga" na "nyika". Maelezo hayo yanapendeza na ni rahisi kuyakumbuka, ila hayasemi lolote kuhusu maji.

Waingereza waliipa nchi jina la ziwa mwaka 1920. Ilipata uhuru 1961, ikaungana na Zanzibar 1964. Kwa hiyo mzee aliyezaliwa Kigoma mwaka 1955 akisema alizaliwa Tanganyika, yuko sahihi.

Upande wa Kongo, jimbo la Tanganyika lilianza mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa. Makao yake makuu ni Kalemie, na ndani yake mna Moba, Manono, Kongolo, Kabalo na Nyunzu. Hapa ndipo watu huchanganywa zaidi. Uvira, Baraka na Fizi ni za Kivu Kusini, hata kama wenyeji wake wanavua katika ziwa lilelile. Mtu wa Baraka akisema "natoka Tanganyika" ana maana ya ziwa. Karani anaweza kuandika jimbo, na ndugu anayemtafuta kupitia kumbukumbu akaelekezwa Kalemie.

Ukiwa na hati ya zamani ya Kalemie inayotaja Katanga, au Shaba kama jimbo lilivyoitwa kati ya 1971 na 1997, usiifiche wala usiikwaruze. Mji ni uleule.

Tanzania nayo ina Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, yalipo makazi ya Mishamo yaliyoanzishwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mwaka 1972. Mtoto aliyezaliwa Mishamo ana Tanganyika yake, isiyo ya Kalemie.

Unapojiandikisha, anza na kijiji au mji, kisha wilaya, jimbo au mkoa, na mwisho nchi. Kabla ya kuondoka, omba usomewe yaliyoandikwa.